Nimewaandikia nusu tu ya ninayoyajua

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pokea salamu tu. Nina miaka 53. Karibu miaka 30 sasa naandika programu za COBOL, lugha ya zamani ya kompyuta, kwenye kompyuta kuu ya kampuni ya bima. Si kazi ya kujivunia mbele za watu, maana ukiitaja wanakuuliza kama bado ipo. Lakini kila mkataba unaouzwa pale kwetu, kila mchango unaoingia na kila dai linalolipwa hupita kwenye programu ambazo ama niliziandika mimi, ama nimezitia viraka mpaka mwandishi wake wa kwanza hawezi kuzitambua.

Mwaka juzi uongozi uliamua biashara yote ihamie kwenye wavuti. Mteja ajinunulie bima mwenyewe, alipe na adai kwenye kivinjari bila kupitia kwa karani. Sikuwa na neno na hilo, hata mimi ni mteja wa watu. Likaundwa kundi la vijana tisa, wakapewa ukumbi wenye madirisha. Sisi wa kompyuta kuu tulikuwa sita. Wawili wamestaafu, mmoja amehamishwa, tumebaki watatu kwenye chumba kisicho na dirisha hata moja.

Kiongozi wa kundi hilo ni kijana niliyempokea mwenyewe alipokuja kwa mafunzo ya vitendo. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma ripoti za kazi za usiku, nikamwonyesha namna ya kulifuata kosa kuanzia kwenye jumla ya mwisho ukirudi nyuma. Ananiheshimu sana, na hapo ndipo penye tatizo. Nikiuliza kitu kikaoni hunijibu kwa upole, "Mama, usijisumbue, hiyo tutaimaliza sisi." Wenzake wanatabasamu. Mimi nafunga mdomo.

Walitupeleka kozi ya siku tano ya Java, lugha nyingine ya kuandikia programu. Siku ya kwanza nilielewa yote. Siku ya pili mwalimu alipofika kwenye vitu vinavyorithi sifa za vitu vingine, nikawa nanakili ubao tu kama mtoto wa shule. Siku ya tano tukagawiwa vyeti. Jumatatu nikarudi kwenye skrini yangu ya mistari 24 na herufi 80, na Java sijaigusa tena. Huu ni mwezi wa nane tangu hapo. Cheti kiko kwenye droo, chini ya karatasi za likizo.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu.

Vijana waliandika upya hesabu ya michango kwa JavaScript, lugha inayoeleweka na kivinjari. Kwenye majaribio, mikataba kadhaa ikawa inatofautiana na ya kwangu kwa senti moja. Wakaamini programu yangu ndiyo yenye kosa, kwa kuwa ni ya zamani. Mimi nilijua sababu asubuhi ile ile. Sisi fedha tunaiweka kwenye COMP-3, desimali halisi, tarakimu kwa tarakimu. Wao walitumia namba za kawaida za JavaScript, ambazo ndani yake zimehifadhiwa kwa mfumo wa jozi, yaani sifuri na moja tu, na sehemu nyingi za desimali haziingii humo kikamilifu. Mwambie JavaScript ajumlishe 0.1 na 0.2, atakupa 0.30000000000000004. Nilikwishaliona jambo hilo usiku mmoja nyumbani, nilipokuwa nachezea kile kidirisha cha kuandikia amri ndani ya kivinjari, watu wote wamelala.

Nilikaa kimya siku nne. Nikawaona wakikesha, wakipekua msimbo wao mstari kwa mstari, kisha wakihamia kwenye wa kwangu. Siku ya tano nikamwandikia kijana ujumbe wa mistari mitatu. Akanirudishia vikaragosi vya kupiga makofi na neno "Mama!" Hakuna anayejua kwamba jibu nilikuwa nalo tangu Jumatatu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

La pili ni baya zaidi. Tumetakiwa sisi watatu tuandike kila tunachokijua: kanuni, mambo yasiyofuata kanuni, mpangilio wa kazi za usiku. Nimekabidhi kurasa 64. Ni nusu. Nusu ya pili imo kwenye daftari la jalada jekundu nililolianza mwaka 1997, na wiki tatu zilizopita nilililaza kwenye mkoba nikaenda nalo nyumbani. Mfano mmoja tu: katika programu ya michango kuna aya yenye maelezo niliyoyaandika mwenyewe, nyota kwenye safu ya 7 (alama kwamba mstari ni maelezo tu, si amri), halafu "USIFUTE. ULIZA KWANZA." Aya hiyo inahusu mikataba ya zamani ambayo salio lake hukadiriwa kwa njia ya peke yake. Kwa nini iko hivyo, programu haisemi. Daftari linasema.

Ofisi ya utumishi imetupa njia tatu. Nijiunge na kundi la wavuti kwa cheo cha chini, chini ya kijana yule, mshahara wangu ubaki ulivyo mwaka mmoja halafu "uangaliwe upya". Au nibaki na mfumo wa zamani mpaka utakapozimwa, na wamepanga kuuzima baada ya miaka mitatu. Au nichukue kiinua mgongo robo hii ya mwaka ikiisha. Jibu wanalitaka mwisho wa mwezi ujao.

Mume wangu anasema chukua fedha, umechoka. Mwenzangu wa chumbani anasema tubaki, watu wa COBOL hawatupwi, hawa watakuja kutuita kwa magoti. Mimi naogopa kwenda kule nikawa bibi anayeulizwa kama amekumbuka kuhifadhi faili lake.

Je, mtu wa umri wangu anaweza kweli kujifunza upya, au najidanganya? Na lile daftari nilifanyeje?

Mama wa Skrini Nyeusi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, dada yangu. Nimekuzidi miaka minne, kwa hiyo nimeipokea bila aibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza habari ya umri na habari ya daftari, lakini sehemu uliyoiandika kwa undani kuliko zote ni zile siku nne. Nadhani hilo ndilo linalokukosesha usingizi, hata kuliko tarehe ya ofisi ya utumishi. Umekuwa mtu ambaye likitokea kosa analifuata mpaka alikamate. Safari hii ulilikamata, ukaliweka mfukoni, ukatazama wenzako wanavyohangaika. Hukujitambua, ukaogopa. Nimekuelewa sawasawa?

Niseme na mimi siri yangu ili tulingane. Nikiwa kijana niliandika COBOL miaka mitatu, na nilikuwa mbovu. Niliacha baada ya nukta moja niliyoiweka pasipofaa kukatisha sharti la IF katikati, na kila mteja usiku ule akatozwa kama aliyechelewa kulipa. Kwa hiyo unaongea na mtu anayejua safu ya 7 ni nini, ila usinipe programu yako niishike.

Tuanze na hilo la kwamba wavuti huijui. Umelisema kwa namna nyingi, la droo, la kunakili ubao, la bibi na faili. Halafu katikati ya barua umenieleza, kama jambo la kupita tu, kwamba usiku watu wakiwa wamelala wewe unafungua kivinjari na kujumlisha 0.1 na 0.2. Nani alikutuma? Hakuna kozi iliyokupa zoezi hilo wala meneja aliyelidai. Mtu aliyeishiwa hamu ya kujifunza hafanyi hivyo usiku, analala.

Kuna na jingine. Kampuni ya bima, skrini ya 24 kwa 80: nakisia mnatumia CICS, mfumo wa IBM unaoendesha programu za skrini kwenye kompyuta kuu, na kama nimekosea utanisahihisha. Kumbuka programu zako za skrini zinavyofanya kazi. Programu inatuma skrini kwa karani, halafu inajifia. Haikai ikimsubiri. Karani akibonyeza Enter, programu inazaliwa upya haikumbuki kitu, isipokuwa kile kifurushi kidogo ulichokihifadhi ili ikikute. Ndiyo maana mstari wako wa mwanzo mwanzo kabisa ni IF EIBCALEN = 0, yaani kama hakuna kilichobebwa, basi huyu ndiyo kwanza anaingia. Sasa kamuulize kijana wako seva ya wavuti inafanyaje. Inapokea ombi, inajibu, inasahau. Mteja akirudi sekunde mbili baadaye ni mgeni, mpaka aonyeshe kitambulisho kilichowekwa kwenye kivinjari chake. Vijana wengi huhangaika kulizoea jambo hili, kwa kuwa walianza na programu zinazokaa macho muda wote. Wewe umeishi nalo karibu miaka 30, ila hukuliita wavuti.

Sikwambii haya ili nikufariji halafu uende ukajikwae. Yapo mambo kule yatakayokusumbua kweli. Vile vitu vinavyorithiana ni namna nyingine ya kukata kazi vipande, na jicho lililozoea kusoma programu kutoka juu kwenda chini hulalamika kwanza. Zana zao ni nyingi na hazitulii. Kubwa kuliko yote kwa maoni yangu ni uaminifu. Skrini yako ilikuwa mezani kwa karani uliyemjua, ndani ya jengo. Fomu ya kwenye wavuti iko mikononi mwa mtu yeyote, na anachokutumia anaweza kuwa amekitengeneza mwenyewe bila hata kuifungua fomu yako. Anaweza kufungua vichupo viwili kwa wakati mmoja, au kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma akiwa amekwishalipa. Hapo kuna tabia ya kazi ya kujifunza, si lugha tu, na inachukua muda kwa kila mtu.

Kuhusu miaka 53. Grace Hopper, ambaye lugha yake ya FLOW-MATIC ilichangia sana umbo la COBOL, alikuwa na miaka 52 wakati COBOL ilipoanza kupangwa mwaka 1959. Alistaafu jeshi la majini la Marekani mwaka 1986, akiwa na 79. Simtaji ili ujipime naye, maana huyo alikuwa mtu wa kipekee na alikuwa na taasisi kubwa nyuma yake. Namtaja kwa sababu lugha unayoiona ya wazee ilisukumwa na mwanamke wa umri wako ilipokuwa jambo jipya ambalo wengi hawakuliamini.

Na ile kozi? Hebu kumbuka COBOL uliijuaje. Uliijua kwa siku tano, au kwa kupewa programu iliyoharibika na kuambiwa kesho asubuhi iwe imepona? Umesema Jumatatu ulirudi kwenye skrini yako. Kwangu habari yote iko kwenye sentensi hiyo. Walikupa maji, hawakukupa shamba. Ukichagua njia yoyote yenye kujifunza ndani yake, swali la kuwapelekea ofisi ya utumishi huenda lisiwe "nitapelekwa kozi gani?" bali "Jumatatu baada ya kozi nitakabidhiwa kazi gani, na nani atakayekaa nami?" Wakishindwa kulijibu, nalo ni jibu.

Kazi yenyewe inaweza kuwa ndogo. Mfano, ukurasa wa mteja kuona hali ya mkataba wake: kusoma tu, hakuna kuandika, kwa hiyo hata ukikosea hakuna fedha inayopotea. Upande mmoja ni COBOL yako inayosoma rekodi. Matoleo ya karibuni ya COBOL ya IBM yanaweza yenyewe kutoa rekodi hiyo katika muundo wa JSON, ambao kivinjari kinauelewa. Upande wa pili ni ukurasa mwepesi unaoionyesha. Ukianzia nyumbani kwako kwenda ugenini, njiani utakutana na HTTP, yaani namna kivinjari na seva zinavyoongea, na HTML ya kuandikia kurasa, na Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, ambayo itakukera wiki mbili kisha utashangaa uliishije bila hiyo. Ukianzia kwenye vitu vinavyorithiana, unaanzia darini.

Twende kwenye zile njia tatu, na nitakuwa mwangalifu, kwa maana mshahara ni wako na nyumba ni yako.

Kiinua mgongo sitakaa nacho sana. Mume wako ameona umechoka, na huenda ameona sawa. Ila muulize, na ujiulize: nimechoka na kazi, au nimechoka na chumba kisicho na dirisha? Ya kwanza hutibiwa na kupumzika. Ya pili utaibeba mpaka sebuleni. Pigeni hesabu ya fedha hiyo pamoja, kwa miaka na si kwa miezi.

Kubaki na mfumo wa zamani kuna mvuto wake, na mwenzako hajakosea yote. Wakubwa wengi wakitangaza tarehe ya kuzima mfumo, tarehe husogea. Nao wana sababu ya kuogopa. Mwaka 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya kwa mkupuo. Taarifa zenyewe zilihama salama, ila mfumo mpya ukayumba mara moja, wateja hadi milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na mwezi Desemba 2022 wasimamizi wakaitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Kisa kama hicho humfanya meneja yeyote asite kuugusa mtambo unaofanya kazi. Kwa hiyo miaka mitatu yako inaweza kuwa mitano.

Lakini hili la kuitwa kwa magoti, ningelitazama mara mbili. Mwezi Aprili 2020 aliyekuwa gavana wa jimbo la New Jersey, Marekani, Phil Murphy, alijitokeza hadharani kutafuta watu wanaojua COBOL, maana maombi ya fedha za wasio na kazi yalikuwa yameelemea mitambo ya zamani ya jimbo. Kisa hicho hupenda kusimuliwa na wenzetu kama ushahidi kwamba tutahitajika milele. Wanaruka neno moja: alikuwa akitafuta watu wa kujitolea. Kuhitajika na kulipwa ni vitu viwili. Na ukibaki miaka mitatu hiyo bila kugusa kitu kipya, utatoka ukiwa na 56 na swali hili hili mkononi. Kwa upande mwingine, hakuna anayekuzuia kubaki kule na kuomba, kwa maandishi, saa kadhaa kila wiki upande wa vijana. Je, umewahi kuomba? Katika barua yako yote sijaona mahali ulipoomba kitu. Nimeona mahali ulipofunga mdomo.

Kujiunga na kundi la wavuti ndiko kunakokuogopesha, na hofu yako ina msingi. "Kuangaliwa upya" ni maneno ya mtu asiyetaka kusema namba. Ningependa ujue kabla ya kutia sahihi: uangaliwe na nani, kwa kipimo gani, na wanategemea uwe umejua nini kufikia mwisho wa mwaka huo mmoja. Kuna na cheo. Je, kinachokuumiza ni neno lililoandikwa kwenye karatasi, au ni kuonekana hujui mbele ya mtu uliyemfundisha? Nauliza kwa sababu la kwanza linajadiliwa na ofisi, la pili hakuna ofisi inayoweza kukusaidia.

Ipo na njia ya katikati ambayo hawakukutajia, labda kwa kuwa hawajaifikiria: mahali ambapo wavuti inagusa kompyuta kuu. Kwa miaka yote hiyo ya kuhama, kurasa za vijana zitakuwa zinauliza maswali kwenye programu zako, na inabidi awepo mtu anayezijua lugha mbili. Hatari yake ni kwamba daraja linaweza kuvunjwa siku mto ukikauka. Ila kufikia siku hiyo utakuwa umeshavuka mara nyingi.

Sasa kijana. "Mama, usijisumbue." Wewe unasikia: umepitwa. Inawezekana ndivyo. Inawezekana pia kwamba naye ana shida yake: amewekwa juu ya mwalimu wake, hajui namna ya kumpa kazi mtu anayemwamkia kila asubuhi, na njia pekee ya heshima aliyoiona ni kukupunguzia mzigo. Kwa malezi yetu, mama haambiwi "naomba hii iwe tayari Ijumaa." Hawezi kulitoka hilo peke yake. Unafikiri ingekuwaje ukimwita pembeni, si kikaoni, ukamwambia: nipe kazi, na nikikosea nisahihishe kama nilivyokusahihisha? Anaweza kukwepa, na itauma. Anaweza pia kushusha pumzi.

Zile siku nne ukitaka kumwambia, mwambie kwa sababu unataka kufanya naye kazi, si kwa sababu unataka kutubu kwangu. Kuna hatari: vijana tisa waliokesha wanaweza wasilicheke jambo hilo, na habari za ofisini zina miguu. Ukinyamaza pia si dhambi ya kukupeleka pabaya. Mimi ningetaka tu ujue wewe mwenyewe ulikuwa unasubiri nini siku hizo nne. Nahisi ulikuwa unasubiri mtu aje chumbani kwenu aulize. Hakuja.

Daftari. Umelibeba kwa sababu unaamini siku wakiwa na yote, hawatakuhitaji. Sitakwambia imani hiyo ni upuuzi, watu wamekabidhi kila kitu na wakashukuriwa mlangoni. Lakini litazame upande wa pili. Zile kurasa 64 zina jina lako. Vijana wakiifuta aya ile yenye nyota kwa sababu maelezo yako hayaitaji, na mikataba ya zamani ikaanza kutoka na salio lisilo sahihi, swali la kwanza litakuwa nani aliandika maelezo. Na mwenye mkataba ule hajui habari ya ugomvi wenu. Isitoshe, yaliyomo kwenye daftari uliyapata kazini, na mwajiri anaweza kudai ni mali yake. Soma mkataba wako wa kazi kwenye eneo hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kati ya kulitoa lote na kulificha lote, kuna jambo ningekuomba ulifikirie. Vijana wa wavuti wana desturi nzuri ya kuandika majaribio: hii ndiyo namba inayoingia, hii ndiyo inayotakiwa kutoka, mashine ilinganishe yenyewe kila msimbo unapobadilishwa. Kanuni za daftari lako zinaweza kuandikwa hivyo, moja moja, na wewe, kwa JavaScript, ukiwa umekaa na mmoja wao. Anza na aya ya "USIFUTE": mkataba wa zamani mmoja, michango yake, salio linalotakiwa mpaka senti. Jaribio hilo lingelikamata kosa lile la 0.30000000000000004 dakika ya kwanza. Ungekuwa unakabidhi na unajifunza kwa mkono ule ule, na jina lako lingekuwa kwenye kila jaribio. Je, hilo linakulinda? Si kikamilifu. Kanuni zikiisha daftarini wanaweza kukuambia ahsante kwa heri. Ila kufikia hapo utakuwa na msimbo wa kisasa ulioandikwa kwa mkono wako, wa kumwonyesha mwajiri mwingine, na cheti kile kinaweza kuendelea kulala kwenye droo.

Una wiki kadhaa kabla ya tarehe yao. Mazungumzo mawili yako ndani ya uwezo wako wiki hii hii: moja na kijana, moja na mume wako. Usiku mmoja wa kivinjari pia haugharimu kitu. Ukipata nafasi niandikie tena, na nijulishe lile daftari jekundu liko wapi siku utakayokuwa unaandika, kabatini nyumbani au mezani kazini.